Shajara ya vepu ya kujaza: juisi, koili na mizani ya jikoni

Jumapili, 1 Juni 2025

Kuanzia leo vepu za kutupa, yaani sigara za kielektroniki za kutumia mara moja, haziuzwi tena kihalali Uingereza, iwe dukani au mtandaoni. Nazungumzia zile za kuvuta mpaka ziishe, kisha unazitia kwenye pipa pamoja na betri yake. Hapa Leicester maduka yalianza kuzimaliza kwa bei ya chee tangu katikati ya Mei, na watu walinunua za akiba kama wanajiandaa na njaa. Mimi nimechukua njia nyingine. Nimenunua kifaa kidogo cha podi ya kujaza, yaani kikopo cha juisi ya nikotini unachokijaza mwenyewe, na shajara hii ni ya kufuatilia kama kitaweza kushika nafasi ya vitu viwili: vepu za kutupa nilizokuwa navuta kazini usiku, na sigara ninazovuta nyumbani na njiani, ambazo ni karibu nusu pakiti kwa siku.

Kama huvuti sigara, huku hapana chako, usianze. NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, inawaambia wavutaji kwamba vepu ina madhara machache sana ikilinganishwa na sigara, lakini inasema pia kwamba haikosi madhara na asiyevuta asiiguse. Mimi nimo kwenye kundi la wavutaji tangu enzi za kununua sigara za Sportsman moja moja kibandani na kuwashia kiberiti cha muuzaji.

Kifaa chenyewe kinaingia kwenye ngumi na kupotea. Betri yake ni ya mAh 1,000, imejengwa ndani, haitoki, na inachajiwa kwa waya uleule wa Type-C wa simu. Hakina kitufe wala kioo, kina kitaa kimoja tu. Ukivuta, kinawaka. Podi inabeba mililita 2, kwa sababu sheria ya hapa ya 2016 hairuhusu tangi kubwa zaidi ya hapo. Sheria hiyohiyo inataka chupa ya juisi yenye nikotini isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita. Bei pauni 18, podi mbili ndani ya boksi. Jina la mtengenezaji naliacha, maana vifaa vya aina hii vinafanana mno na mengi nitakayoandika yanahusu vyote.

Jumatatu, 2 Juni

Podi mbili za kwenye boksi hazilingani. Moja imeandikwa omu 0.6, nyingine omu 1.0. Huo ni ukinzani wa koili, waya mdogo wa kupasha juisi moto uliomo ndani. Namba ikiwa ndogo umeme mwingi hupita, koili hupata moto zaidi, mvuke huwa mzito, na juisi na betri huisha upesi. Kwa betri ya volti 3.7, koili ya omu 1.0 inatoa wati 13 au 14 hivi. Ya 0.6 inakaribia wati 23, kama kifaa hakijawekewa kikomo.

Kwa anayetoka kwenye sigara tofauti hii ni kubwa. Mvutaji wa sigara huujaza moshi mdomoni kwanza, ndipo anaushusha kifuani. Podi ya 1.0 imebana hewa kiasi kwamba mdomo unafanya kazi ileile. Ya 0.6 hewa inapita wazi, unavuta moja kwa moja hadi kifuani, na kwa juisi ya miligramu 20 hiyo ni safari ya kizunguzungu. Nimeiweka kabatini.

Kujaza ni rahisi. Unachomoa podi, unafungua kizibo cha mpira, unaingiza mdomo wa chupa, unabinya taratibu. Usiijaze pomoni, acha kiputo cha hewa juu. Halafu unasubiri, na hapa ndipo wengi wanapounguza podi mpya kabla hawajaionja. Ndani yake kuna pamba iliyobanana na waya wa koili, na pamba ile ni utambi wa kibatari: kama haijalowa, kinachoungua ni utambi wenyewe. Dakika kumi zinatosha. Mimi nilijaza nikaenda kuoga.

Pafu ya kwanza, yaani mvuto wa kwanza, ilinishangaza kwa upole wake. Koo halikukwaruzwa, ladha ilikuwa ya mnanaa, na baada ya pafu mbili tatu ule wasiwasi wa asubuhi ukashuka. Haikufika haraka kama sigara, lakini ilifika.

Alhamisi, 5 Juni

Zamu za usiku ghalani. Kazini hawaruhusu vepu ndani. Sheria iliyoanza kutumika 2007 ya kukataza moshi sehemu za kazi haigusi mvuke, kwa hiyo kila mwajiri anaamua mwenyewe, na wengi wanaamua kama wangu. Tunatoka kwenye kibanda cha wavutaji nyuma ya mlango wa malori. Hakuna aliyeshangaa kuona kifaa kipya. Nusu ya kibanda wamebadilisha wiki hii.

Sigara ina mwisho. Unaiwasha, inaungua, kipisi kinakuchoma kidole, unarudi kazini. Hicho kijiti kilikuwa kipimo changu bila mimi kujua. Vepu haina kipisi. Unapiga pafu moja ukitoka, mbili ukirudi, nne ukisubiri maji ya chai yachemke, na ukiulizwa jioni umevuta kiasi gani huna jibu. Zile za kutupa zilikuwa mbaya zaidi, maana nyingi hukuona hata juisi iliyobaki. Ilikuwa inawaka, au imekufa.

Hapa kuna dirisha dogo kwenye podi, lakini limetiwa rangi ya giza na linataka tochi ya simu. Nimepata njia bora. Tuna mizani ya kidijitali jikoni, ya kupimia unga na viungo. Ninaipima chupa kila Jumapili kabla ya kulala. Juisi yangu ni nusu kwa nusu, propilini glaikoli na gliserini, vile vimiminika viwili vinavyogeuka mvuke, na mchanganyiko huo una uzito wa gramu 1.15 hivi kwa mililita. Kwa hiyo nikigawa gramu zilizopungua kwa 1.15 napata mililita nilizovuta, nikizidisha kwa nguvu ya juisi napata miligramu za nikotini. Hiyo ni nikotini iliyomo kwenye juisi, si yote inayoingia kwenye damu, lakini kwa kulinganisha wiki na wiki inatosha kabisa.

Mke wangu ameuliza kwa nini mizani yake inanukia mnanaa. Nimenunua nyingine.

Jumanne, 10 Juni

Podi ya kwanza imekufa. Ladha ilianza kuwa ya karameli iliyozidi moto, kesho yake ikawa ya kitambaa kilichoungua, na hiyo haivutiki. Nimeifungua kwa wembe nione.

Pamba ilikuwa nyeusi katikati na ya kahawia pembeni. Waya wa koili, ambao kwenye podi mpya ni wavu mdogo unaong'aa, ulikuwa na gamba jeusi la kunata. Nimelikwangua kwa ncha ya wembe na likatoka vipande kama sukari iliyogandia sufuriani, ambayo kwa kweli si mbali na ilivyo. Juisi tamu za ladha ya keki, pipi na maembe huwekewa kiongeza utamu, mara nyingi sukralosi. Hiyo haigeuki mvuke kama vingine. Inabaki kwenye waya, inaungua, gamba linakua, joto halipiti sawasawa, pamba inachomeka. Nilikuwa nimetoka kwenye mnanaa nikajaza juisi ya embe yenye rangi ya chai ya rangi. Ile ya mnanaa ni nyeupe kama maji.

Jaribio nimelianza leo: podi mpya ya 1.0, mnanaa peke yake, tuone itadumu kiasi gani. Watengenezaji husema wiki moja hadi mbili, na kwa podi iliyokaa na embe hiyo ilikuwa ahadi ya mwanasiasa.

Jambo jingine linaloua podi ni kuvuta mfululizo. Pamba inahitaji sekunde chache kunyonya juisi tena baada ya kila pafu. Ukipiga pafu sita bila kupumzika, ya sita unavuta pamba kavu. Kwa mtu aliyezoea kumaliza fegi kabla lori lijalo halijafika, kusubiri huku ni zoezi gumu kuliko lolote katika mradi huu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa na kijana wa duka karibu saa nzima leo, mteja mwingine hakuwepo. Anaijua kazi yake. Amenieleza tofauti ya juisi kwa namna ambayo maandishi ya chupa hayasemi.

Nikotini ya kawaida, kama ilivyotumika kwenye vepu za zamani, ni kali kooni. Ukipandisha hadi miligramu 18 au 20 unakohoa. Chumvi za nikotini zinatengenezwa kwa kuongeza asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, ambayo inashusha ukali wake wa kialkali, na kwa hiyo miligramu 20 zinapita kooni kama hakuna kitu. Vepu ya Juul ya Marekani, iliyotoka 2015, ndiyo iliyoifanya njia hiyo ijulikane, na vepu karibu zote za kutupa zilifuata. Kwa mvutaji sugu ni nafuu, maana anapata dozi yake kwa pafu chache kwenye kifaa kidogo chenye betri ndogo. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano ambaye hajawahi kushika sigara ni mtego, kwa sababu koo ambalo lingemkataza halimkatazi. Mambo yote mawili yamo ndani ya chupa moja, na sijaona anayeweza kuyatenganisha.

Gliserini ni nzito, inatoa mvuke mwingi. Propilini glaikoli ni nyepesi, inabeba ladha na kupita kwenye matundu madogo. Kwa podi ya omu 1.0 mchanganyiko wa nusu kwa nusu ndio unaokaa sawa. Juisi yenye gliserini asilimia 70 ni ya mashine kubwa. Kwenye podi ndogo inachelewa kufika kwenye pamba na unaunguza. Nimeijaribu kwenye ile podi ya 0.6 iliyokuwa kabatini, bila nikotini, na huko imekwenda vizuri, wingu kubwa la kumkera jirani. Imerudi kabatini.

Kijana amenionyesha pia namna ya kuhakikisha kitu si cha magendo. Kila kifaa na kila juisi yenye nikotini inayouzwa kihalali hapa lazima iwe imesajiliwa kwa MHRA, mamlaka ya dawa, na orodha iko wazi mtandaoni. Ukiona kifaa cha "pafu elfu kumi" chenye tangi moja kubwa limejaa nikotini, kimevunja kikomo cha mililita 2, na aliyekiingiza hakujali kikomo kingine chochote.

Jumapili, 22 Juni

Wiki ya joto kali, limepita nyuzi 30, na Waingereza wanatembea vifua wazi. Kifaa kimevuja.

Kilikaa kwenye gari mchana kutwa. Joto linafanya juisi kuwa nyepesi na kile kiputo cha hewa ndani ya podi kutanuka. Hewa ikitanuka inaisukuma juisi mahali pekee pa kutokea, yaani kupitia koili hadi kwenye bomba la kuvutia na chini kwenye vyuma vya kugusana na betri. Nilipovuta ilipiga mchirizi na tone likaingia mdomoni. Nikotini ghafi kwenye ulimi inawasha kama pilipili, na ni sumu. Niliosha mdomo na mikono. Kwa sababu hiyohiyo chupa zinakaa juu ya kabati ambako mtoto hafiki hata kwa kiti. Kizibo kinachotaka kubinywa na kuzungushwa kinachelewesha mtoto, hakimzuii.

Dawa ya podi iliyojaa maji ni hii: itoe, ifunge kwa karatasi ya jikoni, ikung'ute kwa nguvu mdomo wake ukiwa chini, futa bomba kwa karatasi iliyosokotwa, futa vyuma vya podi na vya kifaa, rudisha. Nimefanya hivyo na mlio wa kububujika umekwisha.

Kilichobaki ni kasoro nyingine: kinajiwasha chenyewe. Kitaa kinawaka bila mtu kuvuta. Hiki kifaa hakina kitufe kwa sababu kuna kihisi kidogo kinachotambua kupungua kwa shinikizo la hewa unapovuta. Juisi ikiingia kwenye kijitundu cha kihisi, kinadhani kuna mtu anavuta muda wote. Kifaa kina ukomo wa sekunde kadhaa kwa kila pafu, kinajizima, kisha kinawaka tena. Nilichomoa podi mara moja, maana koili inayowaka mfukoni sio jambo la kuchekea, nikakiacha kimesimama wazi jikoni usiku kucha. Asubuhi kimetulia. Tangu leo kinakaa wima na hakilali kwenye gari.

Kwa wanaonunua sasa: kama unatembea sana juani, au utakipeleka pwani, tafuta chenye kitufe cha kukizima. Ni pauni mbili tatu zaidi, na baada ya wiki hii mimi ningezitoa bila kuuliza.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimepulizia kipimo. Huduma ya kuacha sigara inapima kaboni monoksidi kwenye pumzi: unavuta hewa, unaishikilia sekunde kumi na tano, unapuliza polepole hadi mwisho. Mashine inatoa namba. Chini ya 10 unahesabiwa kama asiyevuta. Mwezi wa nne, kabla ya haya yote, nilitoa 19. Leo nimetoa 4.

Kaboni monoksidi inatokana na kitu kuungua, na kwenye vepu inayofanya kazi sawasawa hakuna kinachoungua. Kimiminika kinapashwa hadi kigeuke mvuke. Gesi hiyo pia hutoka mwilini upesi, ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo 4 haisemi lolote kuhusu mapafu yangu ya miaka iliyopita. Inasema tu kwamba tangu juzi sijavuta sigara. Ni kweli. Kwa wiki za mwanzo nilibakiza sigara moja ya asubuhi, kwa makusudi, na hiyo nimeiacha mwishoni mwa Juni. Mama anayetoa huduma alinisifu kwa kuimaliza. Alisema wanaochanganya vyote viwili kwa muda mrefu hawapati faida kubwa, kwani hata sigara chache kwa siku zinaudhuru moyo.

Aliniuliza pia sababu ya kuvuta asubuhi. Nikamwambia Ramadhani nakaa kutoka daku hadi magharibi bila kitu na sifi. Akacheka, akasema basi mwili wangu unajua njia, anayelalamika ni kichwa.

Kikohozi cha alfajiri kimepungua. Pua imerudi, na si neema tupu: nasikia sasa harufu ya makoti ya wenzangu kibandani.

Jumapili, 27 Julai

Fedha. Pakiti ya sigara ishirini hapa ni zaidi ya pauni 15. Nusu pakiti kwa siku ni pauni 50 na ushee kwa wiki, na hapo sijahesabu vepu za kutupa za usiku. Chupa ya juisi ya mililita 10 nainunua kwa pauni 4, inakwenda siku tano hivi. Podi mpya ni kama pauni 4 moja nikinunua pakiti. Ile niliyoianza tarehe 10 Juni kwa mnanaa mtupu ilipita wiki mbili bila tatizo, nikaibadilisha ladha ilipofifia, haikuungua. Kwa wiki natumia chini ya pauni 9.

Hesabu hii ina mwisho. Kuanzia 1 Oktoba 2026 serikali itatoza ushuru wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za juisi, na VAT juu yake, yaani chupa yangu ya pauni 4 itakaribia 7. Siku hiyohiyo sigara nazo zinaongezewa pauni 2.20 kwa kila sigara mia moja, ili pengo lisizibike. Bado nitakuwa mbali na 50.

Mke wangu hana shida na fedha, ana shida na mapafu. Amekumbuka habari za 2019, vijana wa Marekani waliolazwa na kufa kwa ajili ya vepu. Tulikaa tukasoma pamoja. Hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo 68. Chanzo kilichoonekana zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumiwa kuongezea uzito juisi za bangi zilizouzwa mitaani. Uingereza mafuta hayo hayaruhusiwi kwenye juisi, na nikotini ya dukani haikuwa mshukiwa mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba. Sasa niambie utaiacha lini hii nayo." Sikuwa na tarehe. Kuanzia kesho nashusha hadi miligramu 10.

Jumamosi, 16 Agosti

Binamu yangu wa Muscat ameona picha, ameandika: "Kaka, nikamatie na mimi moja ukija Novemba." Haiwezekani. Oman imepiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki tangu 2015, na sitaki kusimama forodhani nikieleza zawadi. Nimemwambia ajaribu chingamu ya nikotini ya famasi. Amejibu kwa picha ya mtu anayelia. Shemeji wa Kampala naye yumo kwenye shimo hilohilo: sheria ya Uganda ya 2015 ya kudhibiti tumbaku inakataza kuingiza na kuuza vifaa hivi. Qatar, ambako wengi wetu tunabadilishia ndege, nako ni marufuku. Ukipitia Doha, kiache nyumbani au ulizia kwanza.

Kwa safari za kwingine, kanuni ni moja kwa mashirika yote: kifaa kinapanda nawe kwenye begi la mkononi, hakiingii kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya betri ya lithiamu, na hukichaji ndani ya ndege. Chupa zinahesabiwa na vimiminika vingine. Podi iliyojaa itavuja angani kama ilivyovuja garini, safari hii kwa sababu shinikizo la kwenye ndege liko chini. Safiri nayo tupu.

Vepu za kutupa zilizokuwa droo ya chini, zimekwisha kuvutwa zamani, nimezipeleka dukani. Duka linalouza vepu linatakiwa kupokea zilizokufa zikachakatwe. Kabla sijazipeleka nilipasua moja kwa uangalifu: betri ya mAh 550 ndani yake ilikuwa nzima, ingeweza kuchajiwa tena na tena kama wangeiwekea tundu. Taasisi ya Material Focus ilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu milioni 5 za namna hii zilitupwa kila wiki Uingereza.

Jumapili, 31 Agosti

Matokeo ya mizani, na hayakuja nilivyotaka.

Kwa miligramu 20 nilikuwa navuta wastani wa mililita 1.8 kwa siku. Hiyo ni miligramu 36 za nikotini kwenye juisi. Kwa miligramu 10, wiki ya kwanza nilipanda hadi mililita 3.1, nikajaza podi mara mbili kwa siku, na mwili ulidai arosto yake kwa kila njia: hasira za bure, chai nyingi, kuamka usiku. Wiki zilizofuata imetulia kwenye 2.6. Yaani miligramu 26. Nguvu ya juisi imekatwa nusu lakini nikotini imepungua kwa zaidi kidogo ya robo tu. Mwili umeziba sehemu ya pengo kwa kuvuta zaidi, na kidole hakikujua, kwa sababu hakuna kipisi cha kuhesabu.

Bila mizani ningeamini nimefika nusu ya njia. Chupa imeandikwa 10, ningesoma 10. Na ningeshangaa pia kwa nini fedha ya juisi imeongezeka badala ya kupungua.

Kuna la kujifunza kwenye mgawanyo wake. Kwa wiki hizi mbili za mwisho nimepima kila siku, sio kila Jumapili. Siku za mapumziko nakaa karibu na 1.9, siku za zamu navuka 3. Siku za zamu nyingi ya hizo pafu zinatoka kibandani, ambako watu wote wanavuta na hakuna cha kufanya kingine. Kushusha miligramu hakugusi kibanda.

Kwa hiyo Septemba sishuki hadi 6 kama nilivyopanga. Nabaki kwenye 10, na kinachobadilika ni mambo mawili. Nitajaza podi mara moja tu kabla ya zamu na kuacha chupa nyumbani, ili mililita 2 ziwe ndio mwisho wa usiku kama kipisi kilivyokuwa mwisho wa sigara. Na podi ninahamia ya omu 1.2, ambayo inabana hewa zaidi na kutoa mvuke mdogo kwa kila pafu. Nimeijaza jioni hii, mnanaa uleule. Kwa kusikiliza tu, inavuta kwa shida kidogo kuliko ya 1.0, koo linaisikia zaidi, na kitaa cha betri bado kijani baada ya siku nzima, jambo ambalo ya 1.0 haikuwahi kulifanya.

Mama wa huduma ananitarajia tena Jumatano kwa kipimo. Nitaenda na karatasi ya namba za mizani, nione atasema nini kuhusu kibanda.